Paneli za povu ni sawa, lakini anzeni na paa

Siku hizi ukitaja kujenga Nairobi au Machakos, hukosi mtu wa kukushauri uachane na mawe uende paneli. Shirika la Nyumba la Kitaifa lina kiwanda chake Mavoko, na mafundi wanaozielewa wameongezeka. Sina ugomvi na paneli. Ugomvi wangu ni na maneno ya wanaoziuza.

Paneli yenyewe ni povu jeupe, lile lile linalokuja ndani ya katoni ya televisheni, limebanwa na wavu wa chuma huku na huku. Ya mita 3 wanaibeba watu wawili wakipiga soga. Inachomekwa kwenye nondo zilizoachwa kwenye msingi, inafungwa kwa waya, fundi wa stima anayeyusha njia za paipu kwa hewa moto, kisha plasta nzito pande zote. Babu yake ni paneli ya mbao iliyojaribiwa Madison, Wisconsin, mwaka 1935, kule kwenye theluji. Huku mbao hizo zingekuwa karamu ya mchwa.

Sasa tunaambiwa itapunguza bili ya stima. Bili ipi? Nyumba nyingi za Nairobi hazina hita wala eyakondisheni. Mtu wa Syokimau analipia friji, taa na shawa ya maji moto, na hakuna ukuta utakaompunguzia hizo. Atakachopata ni kujenga haraka, na Julai chumba kisichomgandisha. Basi aambiwe hivyo.

Mombasa ni habari nyingine. Kule eyakondisheni hunguruma usiku kucha, na sentimita 8 za povu huzuia joto kuliko zege la unene wa mita nzima. Lakini utakuta kuta za paneli, juu mabati matupu, dari hakuna! Jua letu hupiga utosini. Saa sita mchana kuta haziligusi sana; bati ndilo linaloungua, na joto linashuka hadi kitandani. Waliojenga Lamu ya kale walilijua hilo: juu ya boriti walipanga matumbawe na chokaa, paa likawa zito.

Kama pesa ni za kubana, kuta jenga kwa tofali la kawaida, povu liweke chini ya bati, kisha ulifunike kwa dari isiyoshika moto, maana likiachwa wazi huwaka upesi. Upande wa magharibi weka baraza, jua la alasiri lisifike ukutani. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji: za paa mnazo? Mita ni pesa ngapi?