Mtoto wa Jicho Hangojwi Aive

Matone yanayodaiwa "kuyeyusha" mtoto wa jicho yanauzwa mitandaoni na mitaani, na wanunuzi hawakosekani. Dai hilo lingekuwa na maana kama mtoto wa jicho, yaani ukungu unaozuia kuona, angekuwa uchafu uliotanda juu ya jicho. Lakini ukungu umo ndani ya protini za lenzi yenyewe, nyuma ya mboni, na anayezijua protini hizo hawezi kutoa pesa yake kwa ajili ya chupa ile.

Takriban theluthi moja ya uzito wa lenzi ni protini, nyingi zikiwa kristalini za aina tatu: alfa, beta na gama. Zimesongamana kwa mpangilio unaoruhusu mwanga upite bila kutawanyika. Ili kuuachia mwanga njia, seli za ndani ya lenzi zinapokomaa huondoa DNA, mitokondria na ribosomu zake, yaani vifaa vya maelekezo, nishati na uundaji wa protini. Hapo ndipo gharama inapoanza, maana seli isiyo na vifaa hivyo haiwezi kutengeneza protini mpya. Kristalini zilizo kwenye kiini cha lenzi ya bibi wa miaka 80 ni zilezile zilizoundwa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Ni kwa sababu hii watafiti, mwaka 2016, waliweza kukadiria umri wa papa wa Greenland kwa kupima kaboni ya mionzi iliyomo kwenye kiini cha lenzi zake. Mkubwa kuliko wote alikadiriwa kuwa na miaka 392, ikiongezeka au kupungua 120.

Protini isiyobadilishwa kwa miongo mingi huharibika kwa njia nyingi kwa pamoja. Asparajini na glutamini, baadhi ya asidi amino zinazounda mnyororo wa protini, hugeuka kuwa asidi, chaji ya protini ikabadilika. Asidi aspartiki hugeuka kutoka umbo la L kwenda la D, ambalo ni kama taswira yake kwenye kioo, na mnyororo hupinda mahali usipopaswa kupinda. Sisteini, asidi amino nyingine, hushikana kwa madaraja ya salfa. Kinga kuu dhidi ya uharibifu wa oksijeni ni glutathioni, ambayo hutengenezwa tabaka za nje. Kuanzia umri wa kati hupenya kwa shida hadi katikati, na kiini hubaki bila mlinzi. Sukari nayo hujibandika kwenye laisini, asidi amino nyingine, kemia ileile inayolipatia andazi rangi ya kahawia. Jikoni kazi hiyo hufanywa na moto, jichoni hufanywa na miaka, na kisukari kisichodhibitiwa huiharakisha. Hata molekuli zinazochuja miali ya urujuanimno, yaani kinurenini, huvunjika na kunata kwenye protini, lenzi ikawa ya njano na hatimaye kahawia.

Alfa-kristalini ina kazi ya ziada, ambayo Joseph Horwitz aliionyesha mwaka 1992: huzidaka protini zinazoanza kukunjuka kabla hazijaganda pamoja. Lakini akiba yake haijazwi tena, na mtu anapovuka miaka 40 kwenye kiini imebaki kidogo mno. Protini zilizoharibika sasa hukusanyika mabonge makubwa yanayotawanya mwanga.

Turudi kwenye chupa. Tone lingepaswa kupita konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kisha kifuko cha lenzi, kufika kwenye kiini kigumu, na kufumua vifungo vya kemikali vya aina kadhaa bila kugusa vilivyo vizima. Mwaka 2015 lanosterol, molekuli ya jamii ya mafuta, ilileta matumaini baada ya majaribio kwa mbwa na kwenye lenzi za sungura. Jaribio la 2019 halikuona lenzi zikirudia uangavu wake. Kuhusu N-asetilikanosini, ambayo ndiyo huuzwa sana, mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi wa kuaminika. Kwangu huo ni utapeli, hata muuzaji akiwa na nia njema. Majimaji ya mitishamba ni hatari zaidi, kwani yanaweza kuacha kidonda na kovu kwenye konea, na hapo hata upasuaji wa lenzi hauwezi kurudisha uoni wote.

Ushauri wa "subiri aive" nao umepitwa na wakati. Siku hizi sababu kuu ya kufanyiwa upasuaji ni kwamba uoni umeanza kukukwamisha kazini, barabarani au kwenye kusoma. Kiini kilichogeuka kahawia ni kigumu. Kukivunja kwa mawimbi ya sauti huhitaji nguvu zaidi, na seli za upande wa ndani wa konea zinazokufa katika kazi hiyo hazioti tena. Mtoto wa jicho akipitiliza kuiva, protini huvuja kupitia kifuko, huziba njia ya kutolea maji ya jicho, presha ya jicho hupanda ghafla. Jicho jekundu, lenye maumivu makali na kichefuchefu, kwa mtu mwenye mtoto wa jicho wa muda mrefu, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kuna dalili moja ambayo watu huisherehekea. Mzee anaanza kusoma bila miwani, nyumba nzima inashangilia. Kumbe kiini kimekuwa kizito na kinapinda mwanga zaidi. Uoni wa mbali nao unafifia.

Ukifika kliniki, uliza kama urefu wa jicho umepimwa kabla ya kuchaguliwa lenzi bandia itakayochukua nafasi ya lenzi yako. Kosa la milimita 1 hukuachia tofauti ya takriban diopta 2.5, kipimo cha nguvu ya lenzi. Usidharau upasuaji wa jicho unaofanywa kwa mkono, wa tundu la milimita 6 hadi 7, usio na nyuzi: kwa kiini kigumu mara nyingi ndio unaofaa zaidi, na ni nafuu kuliko wa mawimbi ya sauti. Na uoni ukififia tena miezi au miaka baada ya upasuaji, mtoto wa jicho hajarudi. Mara nyingi ni seli zilizobaki zimetanda nyuma ya lenzi bandia, na leza hufungua njia kwa dakika chache.