Mpaka wa rubani uandikwe ndege ikiwa bado chini

Rubani anayengoja wingu limfike usoni ndipo aamue kama arudi, ameshachelewa. Saa hiyo safari imekwisha robo tatu, abiria wana miadi, na uwanja anaokwenda uko dakika 15 tu mbele. Kila kitu kinamsukuma aendelee, na yeye mwenyewe hataki kurudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba maamuzi mazito ya angani yafanywe chini, kwa kalamu na kwa namba. Kule juu rubani abaki na kazi ya kutii alichokiandika akili ikiwa imetulia.

Chukua mafuta. Kanuni za Marekani zinaitaka ndege inayorushwa kwa kuona nje ibebe akiba ya dakika 30 mchana na dakika 45 usiku, juu ya mafuta ya safari yenyewe. Wengi huhesabu kiasi hicho kuwa kinatosha. Mimi nakiona kidogo mno, na hesabu ni hii: ndege ndogo inayokwenda noti 100 (yaani maili 100 za baharini kwa saa) na kutumia lita 34 kwa saa itamaliza maili 200 za baharini kwa saa 2. Ukija upepo wa mbele wa noti 20 ambao hukuutarajia, safari inakuwa saa 2 na nusu. Hiyo nusu saa ni lita 17, yaani akiba yako yote ya mchana, na umefika uwanjani bila hata nafasi ya kughairi kutua mara moja. Atakayeniuliza nitamwambia atenge saa nzima, apime matangi kwa kijiti kabla ya kuondoka badala ya kuamini geji peke yake, na aandike kwenye karatasi ya safari: nikifika kituo fulani nikiwa na chini ya lita kadhaa, natua hapo. Kisha kila nusu saa alinganishe mafuta yaliyobaki na aliyoyapangia.

Mafuta ni muda, na muda ndio hupotea bila mtu kujua akili inapokamatwa na jambo moja. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege aina ya DC-8 ya shirika la United, safari namba 173, ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa takriban saa nzima kwa sababu taa za magurudumu hazikuonyesha kwamba yameshuka na kujifunga mahali pake. Kapteni alikuwa akishughulikia magurudumu na kuwaandaa abiria kwa kutua kwa dharura. Wenzake wawili walitaja mafuta, lakini hakuna aliyesema kwa uzito kwamba yanakwisha. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, ndege ikaangukia kwenye kitongoji, watu 10 wakafa. Kasoro ya magurudumu ilihitaji sentensi moja tu mapema: saa fulani kamili tunatua, taa ziwake zisiwake. Sentensi hiyo ina namba, kwa hiyo hata mdogo kabisa kwenye chumba cha rubani angeweza kuikumbusha bila kuonekana anabishana na mkubwa wake.

Hapo ndipo naona faida kubwa ya mipaka iliyoandikwa. Rubani msaidizi anayesema "sijisikii vizuri na hali hii" ni rahisi kunyamazishwa. Anayesema "tumezidi kasi kwa noti 15 na tuko futi 500" anasoma tu makubaliano yao. Kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwaka 1977, ambako Boeing 747 mbili ziligongana na watu 583 kufa, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Kapteni akajibu kwamba imetoka, na mbio za kupaa zikaendelea. Shaka ya mtu mmoja ingetosha kusimamisha kila kitu, kama wangekubaliana hivyo kabla ya kuwasha injini.

Kuhusu mawingu, rubani ambaye hakufunzwa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vya ndani bila kuona nje, asijidanganye kwamba atapenya kidogo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima wanafunzi 20 katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Ndege ikipinda polepole, majimaji ya sikio la ndani huzoea mwendo huo na mtu huhisi yuko sawa. Akinyoosha mabawa, anahisi anapinda upande wa pili, anarudi kulekule, pua inashuka, kasi inapanda. Akivuta usukani bila kunyoosha mabawa kwanza, anaukaza mzunguko tu. Kwa hiyo mpaka wako uwe mkali kuliko wa sheria: kwa mfano mawingu yasiwe chini ya futi 2,000 kutoka ardhini na umbali wa kuona usipungue kilomita 8. Ukifika hapo geuka. Mpindo wa digrii 3 kwa sekunde hukurudisha ulikotoka kwa dakika moja, lakini ufanye ungali unaona upeo wa macho.

Kutua nako kuna lango lake, yaani kimo ambacho ukikifikia kila kitu kiwe sawa: futi 1,000 ukiwa ndani ya mawingu, futi 500 ukiwa unaona. Kufikia hapo ndege iwe kwenye mstari, kasi iwe ndani ya kiwango, isishuke zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) na magurudumu viwe tayari, na orodha ya ukaguzi imekwisha. Kimoja kikikosekana, ghairi: nguvu ya kupaa, pua juu, kunja flapu hatua kwa hatua, kunja magurudumu ukihakikisha unapanda, na mazungumzo ya redio baadaye. Utafiti wa Flight Safety Foundation, taasisi ya usalama wa anga, ulionyesha kwamba takriban asilimia 97 ya mikaribio isiyotulia, yaani isiyotimiza masharti kama hayo, huendelezwa hadi kutua. Namba hiyo inanisikitisha, kwa sababu haitokani na kutojua sheria. Rubani huhesabu kughairi kuwa ni kushindwa, na shirika linalomwita ajieleze kila anapopaa tena linamfundisha asifanye hivyo.

Atakayepinga atanitajia ndege ya abiria iliyotua kwenye mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009: injini zote mbili zimeharibiwa na ndege wa angani, sekunde 208 hadi majini, watu wote 155 wakapona. Ni kweli hakuna namba iliyoandikwa kwa tukio hilo. Lakini angalia kazi ilivyokwenda: kapteni Sullenberger alishika ndege, msaidizi wake Skiles akashika orodha ya kuwasha injini upya, viwanja viwili vikapimwa na kukataliwa. Akili ilikuwa na nafasi ya jambo jipya kwa sababu mambo ya kawaida yalikuwa yameshapangwa.

Usingizi, dawa, homa na msongo pia viwe na mpaka kabla ya kwenda uwanjani, maana mtu mchovu hawezi kupima uchovu wake mwenyewe. Kwa pombe, kanuni za Marekani hutaka zipite saa 8 kati ya kunywa na kurusha ndege, na hata hizo hazitoshi kama kichwa bado kizito.

Mipaka hii inaruhusiwa kukazwa wakati wowote, hata angani. Kulegezwa ni chini tu, baada ya safari, pamoja na mwalimu au mwenzako mwenye uzoefu, na mpaka mmoja kwa mara moja: ukiongeza upepo wa pembeni leo, usipunguze kimo cha mawingu leo hiyohiyo.