Kilo saba za mkononi na kidumu cha mawese

Mwezi wa saba nilisimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Kigoma nyuma ya mama mmoja wa makamo. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kumwangalia binti yake aliyejifungua. Mkononi alikuwa na shangazi kaja lililojaa dagaa wakavu, na ndani yake kidumu cha lita tano cha mawese ambacho kifuniko chake kilifungwa nailoni, kisha kikazungushiwa selotepu mpaka kikawa kama bandeji.

"Shikamoo mama," kijana wa kaunta alimwambia. "Huu mzigo wa mkononi umezidi."

"Marahaba mwanangu. Umezidi vipi na dagaa wenyewe wakavu?"

Mizani ilionyesha kilo 11 na nusu. Alizoruhusiwa ni 7, na begi lake kubwa lilikuwa limeshamaliza kilo zake 23. Akaambiwa alipie ziada au apunguze. Hela ya ziada hakuwa nayo. Mpwa wake aliyemleta alikuwa ameshageuza pikipiki kurudi Ujiji. Basi akapiga magoti palepale sakafuni mbele ya foleni nzima, akakitoa kidumu kutoka katikati ya dagaa, akatoka nacho nje kukiacha kwa mama lishe anayeuza chai. Aliporudi, vidole vilikuwa vyekundu kwa mafuta na hakumtazama mtu.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi. Kuhusu kilo, naona kijana wa kaunta alikuwa na haki. Kuhusu utaratibu, haki ilikuwa ya yule mama, na hili la pili ndilo lisilosemwa.

Kwenye kilo ndipo wengi wetu tunapoona tunaonewa, kwa sababu kilo nne ukizishika mkononi si kitu. Lakini ndege aina ya Dash 8 Q400 za Air Tanzania zina viti 76. Kila abiria akipanda na kilo 5 zaidi ya zilizoandikwa, hizo ni kilo 380 ambazo rubani hana habari nazo, sawa na watu wazima watano waliopanda bila kuhesabiwa. Na rubani hapigi hesabu ya uzito peke yake. Anatazama pia uzito huo umekaa wapi, mbele au nyuma. Januari 2003, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D ya shirika la Air Midwest ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulikuta mambo mawili yamekutana: kamba ya usukani wa mkiani ilirekebishwa vibaya karakana, na ndege ilikuwa nzito kuliko ilivyodhaniwa, uzito ukiwa umelemea nyuma. Uzito wa wastani wa abiria na mabegi uliokuwa ukitumika kwenye hesabu ulikuwa mdogo kuliko hali halisi, na baadaye ukapandishwa.

Kwa upande wetu ongeza joto na mwinuko. Hewa ya joto ni nyepesi, na ya juu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo mabawa na injini hupata kidogo cha kushika. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ndege ileile haiwezi kubeba kila ilichobeba alfajiri ikiwa Dar. Kijana wa kaunta hawezi kukueleza yote haya huku foleni inasukuma, ila mizani yake inayajua.

Kuna na suala la mafuta yenyewe. Ndege ikipanda, shinikizo la hewa ndani hupungua, na hewa iliyobaki kwenye dumu hutanuka na kusukuma kifuniko. Selotepu haizuii hilo. Mtu aliyewahi kufungua begi akakuta suti ya harusi ina doa la mawese ya mwenzake ana hoja nzito kuliko yangu. Na kwa anayeunganisha safari kwenda nje ya nchi ipo kanuni ya mililita 100, yaani chombo cha kimiminika cha mkononi kisizidi kiasi hicho, iliyozaliwa na njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London Agosti 2006. Mawese yameganda au hayajaganda, ukaguzi huyahesabu ni kimiminika, na asali vilevile.

Sasa utaratibu. Huko Ulaya wapo wasafiri wenye mzigo wa ajabu kuliko kidumu chochote: watu wanaokwenda milimani kuteleza kwenye theluji kwa skii, yaani mbao za kufunga miguuni. Mbao zake ni ndefu karibu kama mtu, haziwezi kuingia kwenye makabati ya juu ya viti. Fimbo zake zina ncha, haziruhusiwi kuingia na abiria. Viatu vyake ni vya plastiki ngumu, na jozi moja hufika kilo 4 hivi. Kwa mizani ileile ya kilo saba, msafiri huyu angepaswa kupiga magoti sakafuni kila mwaka.

Hapigi magoti, kwa sababu mzigo wake una jina. Anapokata tiketi anakuta umeandikwa: mfuko wa skii, urefu wake, uzito wake, bei yake, na yapo mashirika yanayobeba seti ya kwanza bila malipo. Mengi huhesabu mfuko wa mbao na mfuko wa viatu kuwa mzigo mmoja. Viatu wengi huamua kubeba mkononi, kwani mbao zikipotea utakodi nyingine mlimani, lakini kiatu kilichokwisha kuushika mguu wako hakikodishwi. Hilo nalielewa kabisa. Mawese yanauzwa hata Dar; ila yale ya kidumu kile, mama alijua nani aliyakamua.

Fizikia haikulegezwa kwa ajili ya tajiri wa theluji. Kilo zake zinahesabiwa gramu kwa gramu, na viatu vyake vinaingia kwenye kiwango cha mkononi kama begi lolote. Tofauti ni kwamba mtu alikaa mezani akauliza: watu wa njia hii husafiri na nini? Kwa Kigoma jibu linajulikana na kila mwenyeji: dagaa, migebuka, mawese. Kwa Tabora ni asali na karanga. Asali yenyewe ina hesabu ngumu, maana lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kidumu cha lita tano kutoka Sikonge ni kilo 7 kamili, na dumu la lita 20 ni kilo 28, limeshavuka 23 kabla hujaweka hata kanga.

Wapo wanaosema mizigo hiyo ipande basi au treni ya reli ya kati. Kwa magunia, sawa. Kwa zawadi ya uzazi ya lita tano, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 na mtu wa kuipokea upande wa pili ni ushauri wa mtu asiyeibeba.

Na ipo shaka ya pesa, kwamba kilo za ziada ni biashara iliyojificha nyuma ya usalama. Haikuanzia kwetu. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mzigo wa mkononi wenye uzito na vipimo vya kuridhisha haupaswi kutozwa, na Novemba 2024 Uhispania ilitangaza faini za jumla ya euro milioni 179 kwa mashirika matano ya bei nafuu, ambayo yalizipinga. Mimi sina tatizo na kulipia. Tatizo langu ni bei ambayo mtu anaisikia kwa mara ya kwanza akiwa kaunta, wakati hana tena pa kurudisha mzigo.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo. Mzigo wa chakula wa kilo 10 uandikwe kwenye tiketi za Kigoma na Tabora kwa bei inayojulikana, ununuliwe mapema ili rubani auhesabu, na siku ambayo joto haliruhusu abiria aambiwe kabla hajatoka nyumbani. Masharti ya ufungaji yaandikwe kwa Kiswahili: dumu lisijazwe mpaka shingoni, liwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko. Na mizani moja iwekwe nje, mlangoni, pale pikipiki zinapowashusha watu, mpwa akiwa bado hajawasha.