Meli Iliyozama Maji Machache: Kuitembelea au Kuiacha na Matumbawe Yake?

Magharibi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika kina cha mita 12 hivi, imelala Great Northern, meli ya Waingereza iliyojengwa mwaka 1870 kwa kazi ya kutandaza nyaya za telegrafu baharini, ikazama siku ya mwisho ya mwaka 1902. Ni zaidi ya miaka 120 sasa tangu chuma chake kianze kuota matumbawe, na samaki wa mwambani wamezifanya mbavu zake kuwa makazi. Kina hicho ndicho kinacholeta mjadala. Mita 12 ni maji anayoruhusiwa kushuka hata mzamiaji aliyehitimu mafunzo ya awali wiki iliyopita, na bahari ikiwa safi, anayeogelea juu kwa miwani na mrija huweza kuiona meli bila kushuka kabisa. Meli iliyolala mita 40 hulindwa na giza na ugumu wa kuifikia. Hii haina ulinzi wa namna hiyo. Je, kuwahimiza wageni na wenyeji waitembelee ni kuienzi au ni kuimaliza?

Wanaotetea ziara hizi wana hoja nzito, na mfano wao bora uko Tulamben, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Bali, Indonesia. Hapo ndipo ilipo Liberty, meli ya mizigo ya jeshi la Marekani yenye urefu wa mita 120 na ushei, iliyopigwa topido na nyambizi ya Japani tarehe 11 Januari 1942 katika mlango bahari wa Lombok. Manowari mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Uholanzi, zilijaribu kuivuta hadi Singaraja, lakini maji yalizidi kuijaa, ikabidi ipandishwe ufukweni Tulamben. Ilikaa pale miaka 21, hadi mitetemeko ya mlipuko wa volkano ya Agung mwaka 1963 ilipoisukuma, ikateleza ikarudi baharini. Leo sehemu yake ya juu iko mita chache tu chini ya uso wa maji na ya chini inakaribia mita 30, karibu na pwani kiasi kwamba mzamiaji huingia kwa miguu bila kuhitaji mashua.

Ufukwe wenyewe ni wa mawe meusi ya mviringo yanayoteleza, na wanaobeba mitungi ya hewa ni wanakijiji, wengi wao wanawake, ambao hujitwisha mtungi kichwani wakatembea bila kusita juu ya mawe ambayo mgeni aliyevaa viatu vya mpira huyapita akiyumbayumba. Ninawataja wanawake hawa kwa sababu hoja ya kiuchumi husemwa mara nyingi kwa maneno ya jumla, ilhali nguvu yake iko hapa: mtu anayelipwa kwa sababu meli ipo ana sababu ya kumkemea anayeibomoa. Ulinzi wa aina hiyo hauandikwi katika sheria yoyote, na serikali nyingi za pwani hazina askari wa kutosha kuuweka mahali pake.

Hoja yao ya pili inatoka katika historia ya bandari ya Zanzibar yenyewe. HHS Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika vita na Waingereza vilivyodumu chini ya saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyoshambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, nayo iliuzwa kwa chuma chakavu mwaka 1955, ingawa baadhi ya mabaharia wake waliouawa siku ile wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ng'ambo tu ya bandari. Meli hizi hazikuharibiwa na watalii. Zilitoweka kwa sababu hakuna aliyeona thamani yake zaidi ya uzito wa chuma. Mtetezi wa ziara anapouliza ni kipi kilichoikinga Great Northern hadi leo isipokuwa kwamba kuna watu wanaokwenda kuitazama, si rahisi kumjibu.

Hata Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Ulio Chini ya Maji, ambao wengi hudhani unafunga milango, unahimiza umma uruhusiwe kuutembelea urithi huo kwa uangalifu, na unataka kuuacha pale pale ulipo kuwe chaguo la kwanza kabla ya kuutoa. Mkataba huo unahesabu kuwa urithi kile kilichokaa majini angalau miaka 100. Kwa kipimo hicho, Great Northern ilivuka mstari mwaka 2002; Liberty, hata ukianza kuhesabu 1942, bado inasubiri. Kwa hiyo meli ya Zanzibar ina haki ya kutazamwa kwa heshima zaidi ya ile inayosifiwa duniani kote, na jambo hili halisemwi vya kutosha.

Upande wa pili hauanzi na hisia bali na namna chuma kinavyoishi majini. Chuma kilichozama katika bahari ya joto hufunikwa polepole na gamba gumu la chokaa, linalojengwa na mwani wa chokaa, chaza, matumbawe na kutu yenyewe. Gamba hilo huzuia oksijeni isikifikie chuma kwa wingi, na hivyo kuoza kwake hupungua kasi. Matumbawe na meli vinahifadhiana: meli huyapa mahali pa kushika, nayo huipunguzia kutu. Tazama basi kinachotokea mzamiaji mgeni anapopoteza usawa wake pembeni mwa ubavu wa meli. Anahisi anazama, anapiga mapezi mara mbili kwa nguvu, tawi la tumbawe linavunjika, na mahali lilipokuwa limeshika panabaki doa jeusi la chuma ambalo baada ya muda huanza kuvuja kutu ya rangi ya chungwa. Tumbawe la matawi laweza kurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka na likarudi. La mviringo hukua takriban sentimita moja, na lililofikia ukubwa wa beseni limeishi miongo kadhaa. Chuma kilichofunuliwa hakirudi. Kwenye mwamba wa asili pigo la pezi lina hasara moja. Kwenye meli lina hasara mbili, na ya pili haionekani siku ile.

Wapo wanaojibu kwamba mtu asiyegusa hadhuru. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu pumzi yake nayo hugusa. Mapovu ya hewa yanayonaswa chini ya dari za vyumba vya meli hufanya mifuko ya hewa, na chuma kinachokutana na hewa na maji ya chumvi kwa pamoja huoza haraka. Kwenye Thistlegorm, meli maarufu ya Waingereza iliyozamishwa na ndege za Wajerumani mwaka 1941 katika Bahari ya Shamu upande wa Misri, wahifadhi walilazimika mwaka 2007 kutoboa matundu ili hewa iliyonaswa itoke, na kuweka maboya ili mashua ziache kufunga kamba kwenye meli yenyewe. Sababu hii peke yake inanitosha kusema kwamba katika meli kongwe ya maji machache, mtu mwenye mtungi hana haja ya kuingia ndani. Hatari zake nyingine, yaani mabati makali, nyuzi za mishipi zilizonasa na uwezekano wa pepopunda, zinajulikana.

Hesabu za idadi nazo zinatia wasiwasi. Watafiti waliochunguza miamba ya Ras Mohammed, Misri, katika miaka ya 1990 walipendekeza kuwa eneo moja la uzamiaji lisipite mizamo 5,000 hadi 6,000 kwa mwaka, kwani zaidi ya hapo uharibifu hukua haraka. Chukua mashua mbili tu, kila moja na wazamiaji wanane, kila mmoja akizama mara moja kwa siku: kwa mwaka mzima hiyo ni mizamo 5,840. Ni kweli kwamba kusi inapovuma kuna siku ambazo hakuna anayetoka, na ni kweli kwamba kipimo kile kilitokana na miamba ya bahari nyingine. Hata hivyo, kilipendekezwa kwa eneo la mwamba, nasi tunazungumzia meli moja, ambapo wote hujazana upande ule ule kwa kuwa ndio unaopendeza katika picha.

Hoja moja ya watetezi inahitaji kukataliwa moja kwa moja, nayo ni kwamba kila meli iliyozama ni zawadi kwa matumbawe. Katika kisiwa cha Palmyra, katikati ya Bahari ya Pasifiki, meli ya uvuvi iliyokwama mwambani mwaka 1991 ilifuatiwa na kuenea kwa kiumbe jamii ya matumbawe kisicho na mifupa, kilichoyafunika na kuyaua matumbawe yaliyokuwapo, na wachunguzi wakahusisha mlipuko huo na chuma cha meli katika maji yenye upungufu wa madini hayo. Meli ikaja kuondolewa. Mwambao wetu, unaopokea maji ya mito, si Palmyra, na Great Northern haijafanya hivyo. Lakini anayetaka kuzamisha meli nyingine kwa ajili ya utalii, kama ilivyofanyika Mombasa mwaka 2002 kwa MV Dania, asijifiche nyuma ya matumbawe ya meli kongwe.

Baada ya kuyapima haya, naona pande zote mbili zinabishana juu ya swali lisilofaa. Kuzuia kabisa hakutawezekana, na kungerudisha usahaulifu ule ule uliozimaliza Glasgow na Pegasus. Kuachia wazi ni kuingoja miaka michache ya msongamano ifanye kazi ya karne. Tatizo kubwa hasa ni desturi ambayo karibu kila mtu huiona ya kawaida: kwa kuwa maji ni machache na shwari, meli hugeuzwa darasa. Mwanafunzi ambaye bado hajui kuelea katikati ya maji bila kupanda wala kushuka hupelekwa juu ya kitu kinachoumizwa kwa urahisi kuliko vyote, eti kwa sababu ni salama kwake. Usalama wake ni muhimu, lakini hauhitaji meli. Unahitaji mchanga mtupu wenye kina kama kile, na mchanga wa namna hiyo hauadimiki mbele ya Mji Mkongwe.

Najua pingamizi la kampuni za uzamiaji. Mteja wa siku mbili hataki kulipia kutazama mchanga. Ahadi ya kuona meli ndiyo inayouza kozi, na anayeiondoa humpoteza mteja kwa jirani yake. Pingamizi hili ni la haki, na ndiyo maana kanuni haiwezi kuachiwa hiari ya kampuni moja moja. Ikiwa wote watalazimika kufundishia mchangani na kuileta meli kama zamo la mwisho, kwa mwanafunzi ambaye mwalimu wake ameridhika naye, hakuna atakayepunjwa, na meli inabaki kuwa kivutio kile kile.

Kinachofanyika chini ya maji ni muhimu kuliko maelezo ya ndani ya mashua. Utafiti uliofanyika St Lucia, katika Karibi, na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba maelezo mafupi kabla ya kuzama hayakupunguza kugusa matumbawe, ilhali kiongozi aliyeingilia kati pale pale alipomwona mtu akigusa alipunguza sana. Ulionyesha pia kwamba wenye kamera hugusa zaidi. Kundi dogo lenye kiongozi anayethubutu kumshika mteja mkono lina faida kuliko bango lolote. Ugumu ni kwamba kiongozi huyo mara nyingi huishi kwa bakshishi ya mteja yule yule, na mwajiri asiyemlinda katika hilo asimtarajie kuwa mkali.

Kuhusu wanaoogelea juu, msimamo wangu ni mwepesi zaidi. Mtu aliyevaa jaketi la kuelea, fulana ya mikono mirefu badala ya mafuta mengi ya jua, na aliyepelekwa maji yakiwa yamejaa, hana njia ya kuifikia meli iliyo mita kadhaa chini yake. Anaathiri akipelekwa maji yakiwa yamekupwa mahali ambapo sehemu za juu zinakaribia uso, kwa kuwa aliyechoka hutafuta pa kusimama. Wanahodha wetu wanajua nyakati hizi bila kuangalia jedwali, na wanajua kuwa siku za bamvua mkondo huwa mkali na mchanga hutibuka, hata mgeni akilipa haoni kitu. Ratiba ya ziara ifuate maji, isifuate saa ya hoteli kupakua chakula.

Linabaki suala la wavuvi, ambalo pande zote mbili hulipitia juu juu. Kwa mvuvi wa mshipi au wa dema, meli iliyozama ni mahali samaki wanapokusanyika, na baba yake alipafahamu kabla ya kampuni yoyote ya uzamiaji kuwapo. Akiambiwa aondoke ili wageni waone changu na pono wakipita, yeye ndiye anayelipia uhifadhi. Chumbe, kusini mwa hapo, inaonyesha kwamba njia nyingine ipo: tangu mwamba wake ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, wavuvi waliajiriwa kuwa walinzi wake, na wageni huogelea kwa miwani na mrija bila mitungi. Great Northern haiwezi kuiga Chumbe kwa kila jambo, kwani iko karibu na bandari yenye shughuli nyingi na haina mmiliki anayekaa pale usiku na mchana. Lakini boya la kudumu, ada inayotozwa kwa kila kichwa, na fungu la ada hiyo linalokwenda kwa wavuvi wanaokubali kulisimamia boya na kuhesabu mashua, ni mambo yanayowezekana bila fedha nyingi. Mazungumzo nao yafanyike kabla boya halijafungwa, kwa sababu likishafungwa mashua zitaongezeka wiki ile ile, na wao watakuwa wanajadili nafasi ambayo tayari imechukuliwa.