Simu si yaya
Mwandishi, kwenye makala yako ya kuwatuliza watoto kwa simu umegusa penyewe, ila hapo uliposema mionzi ya simu inachoma ubongo wa mtoto umetia chumvi. Ninachokiona mimi hapa Nkuhungu, Dodoma, ni usingizi na macho. Mjukuu wangu wa miaka 3 alikuwa hali ugali mpaka awekewe katuni. Tonge linaingia, macho hayabanduki kwenye kioo, mlenda unamtiririka kidevuni wala hana habari! Shirika la Afya Duniani (WHO) walishasema tangu 2019: mtoto wa mwaka 1 kushuka chini asiangalie skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Tukamnyima. Kalia siku tatu (jirani akadhani tunampiga), ya nne katoka mwenyewe kucheza vumbini na wenzake. Na bando la mama yake sasa linamaliza wiki.