Kutoa petroli kwenye Land Cruiser 80 na kufunga 1HZ, inalipa kweli?

Ukiwa na Land Cruiser 80 ya petroli hapa Tanzania, lazima utakutana na mtu wa kukwambia toa hiyo injini, funga dizeli, hasa 1HZ ya Toyota. Hajakosea sana, maana ile injini ya petroli, 1FZ-FE ya cc 4,477, ukiwa kwenye foleni za Dar na AC imewashwa inabugia mafuta vibaya mno. Ila sababu anayokupa, yani mafuta, mi naona ndo dhaifu kuliko zote.

Tupige hesabu. Tuchukulie petroli inakupa kilomita 5 kwa lita, 1HZ ikupe 8, na lita iwe shilingi 3,000 kwa zote mbili. Kila kilomita 1,000 unaokoa lita 75, sawa na 225,000. Sasa injini used na gia boksi yake, ufundi, maunting (vishikizi vya injini), rejeta, ekzosi, tuseme vimekula milioni 12, hapo utembee zaidi ya kilomita 53,000 ndo hela yako irudi. Anayepeleka wageni Serengeti atazimaliza mapema, lakini wewe wa kazini na nyumbani, afu Desemba unaenda mkoani, ni miaka. Na usitegemee dizeli iwe rahisi siku zote, bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, zinabadilika kila mwezi na 2022 dizeli iliipita petroli.

Sababu ya maana ni porini. 1HZ ni dizeli ya kizamani, pampu yake ni ya kimakenika, haina kontrol boksi (kompyuta ya injini) wala koili ya kurushia cheche, ikishawaka ukiacha ule waya wa swichi ya kuzimia inachotaka ni dizeli safi, hewa na oili. Mnavuka korongo maji yamepanda, petroli inaweza kuzima kwa sababu maji yameingia kwenye umeme wa plagi, dizeli inaendelea kusukuma alimradi maji hayajafika inapovutia hewa (yakifika hapo hakuna injini itakayopona). Halafu hii ndo injini iliyojaa kwenye Land Cruiser za utalii na za miradi, so ukikwama Karatu au Mpanda utapata fundi anayeijua, na spea zipo. Kwa mtu anayeishi na gari maeneo hayo, hoja hii inatosha kabisa.

Ila kuna kitu watu hawaambiwi: unashusha nguvu. Petroli ile ina nguvu za farasi zaidi ya 200, 1HZ haina turbo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi) na ina kama 130 hivi. Hata torki, yani nguvu ya kuvuta, ambayo ndo watu wanasifia dizeli, 1HZ ina Nm 285 wakati petroli inapita 370. Ukipakia familia na mizigo ukaanza kupanda Kitonga utashika gia ndogo na malori. Kuna wanaoongezea turbo, lakini ile injini haikutengenezwa kwa joto hilo, ukiongeza mafuta bila kipimo cha joto la ekzosi unaiua. Anayetaka nguvu atafute 1HD-T, ile ya turbo toka kiwandani, japo ni ghali na huko porini sio kila fundi anayo spea yake.

Kazi yenyewe sasa. Buster ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga, kwenye petroli inategemea mvuto wa hewa wa manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini), dizeli haina huo mvuto, lazima pampu ya vakyumu, ya kutengeneza mvuto huo, ije na injini na ifanye kazi, la sivyo breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Tenki lisafishwe, pampu ya petroli ya ndani itoke, na kuwe na mpira wa kurudisha dizeli. Ukibakiza gia boksi ya otomatiki ya petroli, inasubiri mizunguko mingi ndo ibadili gia, wakati dizeli huko juu haifiki. Kipimo cha rpm, yani mizunguko ya injini, kinakufa. Dizeli nyingine za Japan zinakuja na stata ya volti 24, fundi akiamua kuunga unga hapo ndo waya zinaanza kuungua. Kinachoniuma ni kwamba haya yote yanabaki kichwani kwa fundi mmoja, hakuna mchoro, siku hayupo hakuna mwingine anayejua waya upi unaenda wapi, na ulitaka gari la kutengenezeka popote.

Kwa hiyo mi naona kama bodi yako ni nzima, haina kutu, na kazi zako ni za porini kweli, nunua gari la dizeli lililogongwa la aina hiyo hiyo, uchukue kila kitu, injini, gia boksi, nyaya, dashibodi. Huna hilo? Uza ya petroli uongeze hela ununue ya dizeli toka kiwandani, hata kama itauma mwanzoni.

Na kadi ya gari usiiache kiporo. Ina namba ya injini na aina ya mafuta, nenda TRA ibadilishwe kabla hujaanza safari, maana siku ya ajali au ya kuuza, namba zisipolingana ndo utaanza kuulizwa injini umeitoa wapi. Injini isiyo na risiti mi nisingeifunga hata nikiuziwa nusu bei.