Emoji kwenye orodha ya michango

Kila aliyewahi kuingizwa kwenye kundi la kamati ya harusi hapa Moshi anaijua orodha ile: jina, kiasi, kisha duara. 🟢 ametoa, 🔴 bado. Mweka hazina anadhani amerahisisha. Kwangu mimi, hakuna jozi ya alama inayoharibu kazi kama hiyo. Duara jekundu liliingia kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na emoji ambayo simu hufuata, mwaka 2010, la kijani likachelewa hadi 2019. Simu ya zamani isiyosasishwa huonyesha jekundu vizuri, na mahali pa kijani huweka kiboksi kitupu. Basi shangazi wa Kiboriloni anawaona wadaiwa wote waziwazi, ila waliotoa, naye akiwemo, wamegeuka viboksi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani ndiyo kabisa, kwake madoa yote ni mamoja.

Tumia ✅. Inatambulika kwa umbo wala si kwa rangi, na imekuwepo tangu 2010. Ambaye bado, mwachie ahadi yake bila alama. Ukitaka uhakika zaidi andika "ametoa". Ni herufi sita tu.

Kuna pia wasomaji wasioona. TalkBack na VoiceOver, programu zinazowasomea skrini ya simu kwa sauti, hutaja jina la kila emoji, kwa hiyo ukianza kila mstari kwa 🌹, orodha ya watu 80 ina mawaridi 80 ya kusikiliza kabla ya kufika kwenye jumla. Pambo moja mwishoni linatosha. Na 🙏 haisomwi "asante" wala "tafadhali". Hutajwa viganja vilivyokutanishwa, na anayesikiliza abaki kukisia kama ameombwa au ameshukuriwa. (Hata wenye macho hukisia.)

Kwenye SMS za kawaida, zile ambazo shule na SACCOS huwatumia wenye vitochi, emoji ina bei. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Ukigawanywa, kila kipande ni 67. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu kwa sababu ya 🙏 moja. Kwa wazazi 200, unalipia SMS 600, na kwenye kitochi wengi wanaona kiboksi.

Apostrofi iliyopinda, ile ya ng’ombe ukinakili kutoka Word, hufanya vivyo hivyo. Irudishe iwe iliyonyooka, ng'ombe, kabla hujabonyeza tuma.